Wiki Isiyo na Siku Saba: Namna ya Kuitibu Seva Inapougua

Ukisikia neno "wiki" najua akili yako inakimbilia Jumatatu hadi Jumapili. La hasha! Wiki ninayoizungumzia hapa ni tovuti ambayo kila anayeisoma anaweza pia kuiandika, kuirekebisha na kuiongezea. Aliyeibuni ni Mmarekani Ward Cunningham, ambaye alifungua ya kwanza mwezi wa Machi 1995. Jina alilitoa katika lugha ya Hawaii. Huko "wiki wiki" ni haraka haraka, na mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yaliitwa hivyo. Mwaka wa 2001 ikaja Wikipedia, na mwaka wa 2003 Wikipedia ya Kiswahili nayo ikaanza.

Chama chetu cha Kiswahili kina wiki yake, ndogo tu, isiyohitaji intaneti. Humo tunakusanya methali na misamiati kutoka nyumbani kwetu, maana sisi ni wanafunzi wa kutwa na kila jioni tunarudi kwa wazee wanaojua maneno ambayo hayamo vitabuni. Seva yetu ni tarakilishi moja kuukuu iliyo pembeni mwa chumba cha tarakilishi. Ndani yake mna Emacs, ambayo kwa kweli ni programu ya kuandikia na kuhariri maandishi. Emacs ilianza mwaka wa 1976 huko Marekani, katika chuo cha MIT, mikononi mwa Richard Stallman na wenzake. GNU Emacs tunayoitumia ilitoka mwaka wa 1985.

Utauliza, programu ya kuhariri inawezaje kuwa seva? Jibu ni kwamba Emacs ina lugha yake ya kuipa maagizo, inayoitwa Emacs Lisp. Mwanachama mmoja aliyekwisha kumaliza shule aliandika kwa lugha hiyo programu fupi ambayo inasikiliza maombi kutoka tarakilishi nyingine, inatoa ukurasa, na inapokea masahihisho. Ni mashini nyepesi na haina gharama. Lakini nayo huugua, na siku ikigoma, wanachama wote hunitazama mimi kana kwamba ni daktari. Kwa hiyo nimeonelea niwaeleze jinsi ya kuitibu, ili hata nisipokuwepo kazi isilale.

Kanuni ya kwanza ni kuanza karibu na kwenda mbali. Wengi wetu ukurasa ukikataa kufunguka tunaanza kugusa kila waya. Hiyo ni kazi ya kubahatisha. Kaa kwenye seva yenyewe, fungua kivinjari, uandike 127.0.0.1:8080. Nambari ya kwanza ni anwani ambayo kila tarakilishi hujiitia yenyewe. Ile 8080 ni nambari ya mlango. Mlango wa kawaida wa tovuti ni 80, lakini katika Linux milango iliyo chini ya 1024 huwekewa msimamizi wa mashini, ndiyo maana tunatumia 8080. Ukurasa usipofunguka hapo, basi ugonjwa umo ndani ya seva: labda Emacs haijawashwa, au programu nyingine imekalia mlango huo huo. Milango haina ubia, mmoja akishaingia mwingine hukataliwa.

Ukurasa ukifunguka kwenye seva lakini ukakataa kwenye tarakilishi nyingine, hapo seva haina kosa la ndani. Angalia waya na swichi. Angalia anwani ya seva kwenye mtandao wa chumba, ambayo kwetu huanza na 192.168, kwa sababu inaweza kubadilika umeme ukipotea na kurudi. Kisha uliza: je, seva imeambiwa isikilize mtandao mzima, au isikilize 127.0.0.1 pekee? Ikisikiliza 127.0.0.1 peke yake ni kama mtu anayejisemesha chumbani huku mlango umefungwa. Mwisho angalia ile programu ya ulinzi inayozuia wageni, kama imeruhusu 8080.

Ugonjwa wa pili ni wa ajabu kidogo. Kivinjari kinazunguka tu, hakileti ukurasa wala ujumbe wa kosa. Watu husema ati mtandao ni mzito. Kumbe seva inasubiri jibu! Hutokea hivi: Emacs imeshika nakala ya faili ndani yake. Mtu mwingine naye akabadilisha faili ile ile kwa programu nyingine. Ombi linapofika, Emacs inashtuka kuona faili ya kwenye diski si ile inayoijua, na inauliza kwenye mstari wa chini wa kiwambo: faili imebadilika, niisome upya? Swali hilo liko kwenye kiwambo cha seva, pembeni, mahali ambapo hakuna aliyeketi. Emacs hufanya takriban kila kitu kwa zamu, jambo moja baada ya jingine, kwa hivyo ombi hilo halisongi mpaka mtu ajibu. Dawa ya haraka ni kwenda kwenye seva, kusoma mstari wa chini na kujibu. Dawa ya kudumu ni kuwasha global-auto-revert-mode, ambayo huifanya Emacs ijisomee upya faili zilizobadilika, mradi yenyewe haina mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Na jamani, tusiitumie Emacs ya seva kuandikia insha zetu!

Ugonjwa wa tatu unatuhusu sisi wenye Kiswahili hasa. Kuna ukurasa wetu wa mifugo uliokuwa ukikatika mkia: mistari ya mwisho haionekani, ilhali kwenye faili imo yote. Kurasa nyingine zilikuwa salama. Tulipochunguza tukagundua kwamba ukurasa huo umejaa ng'ombe, ng'ambo na ng'onda. Ile alama ya ritifaa ndiyo iliyokuwa mchawi. Ukiiandika moja kwa moja kwa kibodi hukaa katika baiti moja. Lakini ukinakili kutoka programu za kuandikia barua, huja ile iliyopinda, ambayo katika mfumo wa UTF-8 huchukua baiti tatu. Seva hutakiwa kukiambia kivinjari ukurasa una baiti ngapi. Yetu ilikuwa ikihesabu herufi badala ya baiti. Ritifaa 30 zilizopinda zilihesabiwa 30 badala ya 90, kwa hiyo kivinjari kikaacha kusoma baiti 60 kabla ya mwisho. Tulirekebisha hesabu na mkia ukarudi. Na ukiona mahali pa ritifaa pametokea alama tatu za ajabu, basi kivinjari kimedhani ni mfumo mwingine wa herufi. Seva ikitaja UTF-8 waziwazi, shida hiyo huisha.

Mpaka hapa nimetaja magonjwa yanayojitangaza. Lakini wahenga walinena, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ugonjwa uliotuumiza kuliko yote haukuleta ujumbe wowote wa kosa.

Dada mmoja wa kidato cha pili alikuwa ametoka likizoni na methali kumi na moja za nyanya yake anayeishi mashambani, pamoja na maelezo ya kila moja. Aliziandika kwenye wiki jioni moja. Kesho yake hazikuwepo. Maneno yakaanza: fulani amezifuta kwa wivu, fulani ndiye aliyeonekana kwenye ukurasa ule. Chama kilikaribia kugawanyika, na wengine wakasema heri turudi kwenye daftari.

Tulifungua kumbukumbu za seva, yaani orodha ya maombi yote na saa zake. Kijana aliyeshukiwa alifungua ukurasa saa kumi kamili, ukiwa na methali tatu. Yule dada aliufungua saa kumi na dakika mbili, akaongeza zake, akahifadhi saa kumi na robo. Kijana naye alikuwa akisahihisha ritifaa moja katika nakala yake ya saa kumi, akahifadhi saa kumi na dakika ishirini. Nakala yake ilikuwa na methali tatu tu. Seva ikatii, ikaandika juu ya zile kumi na nne. Wote wawili walijibiwa 200, nambari ambayo maana yake ni mambo ni sawa. Hakuna aliyefuta, wala hakuna aliyesema uongo. Ni programu ndiyo ilikuwa haijui kuuliza, "Ulichosoma ndicho kilichopo sasa?"

Je, Emacs haihifadhi nakala za zamani? Huhifadhi, kwa jina la faili lenye kialama ~ mwishoni. Lakini kwa kawaida hufanya hivyo mara ya kwanza tu unapohifadhi faili baada ya kuifungua, kwa hiyo nakala yetu ilikuwa ya kabla ya methali zile kuandikwa. Amri ya kutendua nayo ilipotea seva ilipozimwa jioni. Dada alisubiri likizo nyingine. Akarudi na tisa. Mbili nyanya hakuzikumbuka tena.

Dawa ya ugonjwa huu ni mbili, nasi tumeziweka zote. Ya kwanza, kila ukurasa unaofunguliwa ili kuhaririwa hupewa nambari ya toleo. Ukihifadhi, seva hulinganisha nambari yako na iliyopo. Zikitofautiana, inakataa kwa nambari 409, yaani mgongano, na kukuonyesha maandishi ya mwenzako kando ya yako ili uyaunganishe. Ya pili, kila tunapohifadhi, toleo hutunzwa kwa Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Sasa hakuna cha kufutika kabisa. Ukurasa wa kilobaiti 2, hata ukihifadhiwa mara elfu moja, haufiki mbali zaidi ya megabaiti 2. Stima ikipotea ghafla, tafuta faili yenye alama # pande zote mbili za jina, kisha utumie amri ya M-x recover-file. Hiyo ni akiba ya Emacs.

Kuna wanaosema wapishi wengi huharibu mchuzi, ndiyo sababu wiki haifai. Mimi sikubaliani nao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna mwanachama mmoja awezaye kukusanya maneno ya mitaa yote tunayotoka. Wapishi wengi huharibu mchuzi pale tu kila mmoja anapotia chumvi bila kuonja. Kuonja kwenyewe ndiko ile nambari ya toleo.

Basi mwenzangu, wiki ikigoma, usianze kwa kuuliza ni nani. Uliza kwanza ni wapi: kwenye seva, kwenye waya, kwenye swali lisilojibiwa, au kwenye hesabu ya baiti. Na kazi ya mtu ikitoweka bila kelele, soma kumbukumbu za seva kabla ya kumnyooshea mwenzako kidole. Chumba kiko wazi kila Jumatano baada ya masomo. Njoo na methali za nyanya yako, mahali pa kuzitunza papo.