Kabla Hujaipandisha Spidi Prosesa

"Shikamoo fundi. Nataka uniongezee spidi." Kijana aliyesema hivyo alishuka kwenye bodaboda hapa Gongo la Mboto akiwa amekumbatia Dell OptiPlex 9020, mtumba wa ofisi za ughaibuni kama ule uliojaa Kariakoo. Ndani mlikuwa na prosesa ya Core i5-4590, nami nilipoisoma tu nilijua ombi lake limegonga mwamba.

Spidi ya prosesa ni hesabu ya kuzidisha. Kuna mapigo ya msingi, megahezi 100, na kuna kizidishi. Hiyo yake ina 33, ndipo inapopatikana gigahezi 3.3. Anayepandisha spidi hukipandisha kizidishi. Tatizo ni kwamba Intel hukifunga, mithili ya spidi gavana ya basi la mkoani, isipokuwa kwenye modeli chache, hasa zenye herufi K mwishoni, nazo zinataka mazabodi za kundi la Z. AMD ni wakarimu zaidi: Ryzen nyingi ziko wazi zikikaa kwenye mazabodi za B au X.

Zamani watu walipita dirishani. Celeron 300A ya mwaka 1998 ilikuwa na kizidishi kilichofungwa kwenye 4.5, basi wakayapandisha mapigo ya msingi yenyewe kutoka 66 hadi 100. Megahezi 300 zikawa 450, kwa prosesa ya bei ya chini! Kwenye mashine ya huyu kijana mapigo hayo yamefungamanishwa na vifaa vingine, hata diski, hivyo ukiyasukuma kidogo tu mambo yanaharibika.

Lakini hata mwenye K asishangilie mapema. Spidi ikipanda, mara nyingi prosesa hudai volteji zaidi, na joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha volteji. Toka volti 1.2 hadi 1.3, ongeza spidi asilimia 10, na joto linapanda karibu asilimia 29. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa ya chumbani. Tuseme inakaa nyuzi 50 juu ya hewa hiyo: chumba cha London chenye nyuzi 18 kitakupa 68. Chumba chetu cha bati, Februari saa nane mchana, chenye 33, kitakupa 83. Video za YouTube hazikuambii hilo. Ikikaribia nyuzi 100, prosesa hujipunguza mwendo yenyewe isiungue, na yako uliyoipandisha inaweza kuishia nyuma ya ile ambayo haijaguswa.

Ya kijana ilikuwa inajipunguza bila hata kupandishwa. Niliifungua nikakuta vumbi limejaa kwenye mapezi ya kipozeo kama pamba ya mto, na pesti ya joto imekauka kama chokaa. Nikapuliza kwa blowa, nikafuta, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya dengu. Prosesa ikaanza kupanda yenyewe juu ya 3.3, kama kiwanda kilivyokusudia.

Mwenye prosesa iliyo wazi aingie bayosi, apandishe kizidishi hatua moja, aache volteji kama ilivyo, kisha aibane kwa Prime95 nusu saa huku akitazama joto kwenye HWiNFO. Ikiganda, arudi hatua moja. Mimi husimama kwenye nyuzi 85. Isipowaka kabisa, achomoe umeme, atoe betri ile ya duara ya mazabodi kwa dakika chache, mipangilio irudi ya kiwandani. Na pawasapulai ya bei chee asiiamini kwa wati zilizoandikwa kwenye stika.

"Sasa nikinunua prosesa yenye K?" aliniuliza.

"Mdogo wangu, mazabodi yako bado itaifunga. Hiyo hela tia SSD."

Akatoa simu, akapitia bei za Kariakoo kimya kimya. Kisha akauliza kama ile blowa huwa naikodisha.