Usukani Usio na Mshikaji

Tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines iliyotoka London kuja Entebbe ilikuwa ikitafuta njia ya kutua Roma katika ukungu mzito. Mara mbili marubani walijaribu, wakashindwa, wakapaa tena. Mara ya tatu waliendelea kushuka kupita kimo walichoruhusiwa bila kuiona njia, na ndege ikagonga majengo karibu na kiwanja cha Fiumicino. Watu 33 kati ya 52 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba marubani hawakuwa wamejiandaa ipasavyo kwa utaratibu ule wa kutua, hawakutajiana kimo kadiri walivyoshuka, na inaelekea walikuwa wamechoka. Ni rahisi kuulaumu ukungu. Lakini ukungu hauzibi kipima kimo. Chombo hicho kinahitaji tu mtu wa kukisoma kwa sauti wakati mwenzake anaitafuta njia. Wanaposhughulika wote na jambo moja, hata likiwa la maana kiasi gani, ndege inabaki haina mwenyewe.

Tunaposikia kwamba marubani walipotewa na umakini, wengi wetu huwaza simu, porojo au usingizi. Mambo hayo yapo, ila si hayo yanayonitia hofu zaidi. Kinachoteka akili ya rubani mara nyingi ni kazi yenyewe: taa isiyowaka, wingu la radi, sauti ya mnara redioni, orodha ya ukaguzi iliyokatizwa katikati. Desemba 1972 huko Florida, Marekani, marubani wa Eastern Air Lines walijishughulisha na balbu moja ya kuonyesha gurudumu la mbele, wasitambue kwamba ndege ilikuwa ikishuka polepole gizani. Watu 101 walikufa. Gurudumu lenyewe lilikuwa limeshuka sawasawa.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi mtambo wa otopailoti unaifanya kazi hiyo usiku kucha bila kuchoka. Namjibu kwa ajali ya jirani zetu. Usiku wa kuamkia 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, ndege mpya kabisa, iliondoka Douala, Kamerun, kwenda Nairobi baada ya kucheleweshwa na mvua ya radi. Muda mfupi baada ya kupaa, rubani mkuu alitamka neno la kuashiria kwamba otopailoti ishike usukani. Msaidizi wake hakujibu, na mtambo haukuwashwa. Kwa karibu dakika nzima hakuna aliyeigusa ndege, nayo ikawa inalalia kulia kidogo kidogo, hadi kengele ilipolia ikiwa imeinama kiasi cha digrii 34. Nje kulikuwa giza totoro, hakuna taa wala upeo wa macho. Rubani aliposhtuka hakujua upande gani ni juu, na alivyohangaika na usukani ndivyo hali ilivyozidi kuharibika. Watu wote 114 walikufa. Mtambo haukumwondolea rubani kazi ya kutazama; ulimpa sababu ya kuamini kwamba kuna mwingine anayetazama. Anayeruka kutoka Entebbe usiku kuelekea ziwani anaingia katika giza la namna hiyohiyo.

Ipo kanuni ambayo Marekani iliiweka mwaka 1981, na ambayo mashirika mengi duniani yameifuata: ndege ikiwa chini ya futi 10,000, marubani hawaruhusiwi kuzungumza wala kufanya lolote lisilohusu usalama wa safari. Ilizaliwa na ajali ya Charlotte ya Septemba 1974, ambako marubani waliokuwa wakitua waliongea siasa na magari, na watu zaidi ya 70 wakafa. Wapo wanaohofu kwamba kanuni ya kimya itamfunga mdomo rubani mdogo, hasa kwetu, ambako kijana amelelewa asimkosoe mkubwa. Hofu hiyo ina uzito, na sidhani kanuni peke yake inaiondoa. Kinachokatazwa ni porojo, si onyo. Lakini msaidizi hatajua tofauti hiyo angani kama hakuizoea darasani. Chuo cha urubani cha Soroti kinaweza kumfundisha kijana kusema "kimo, kapteni" kwa sauti ileile anayotumia kusema "shikamoo", bila kuona kwamba amekosa adabu.

Wengine watasema kwamba dawa ni adhabu kali. Siafiki. Aliyezembea makusudi aadhibiwe, lakini aliyezubaa kwa sekunde ishirini kisha akajirekebisha ana habari ambayo wenzake wanaihitaji, na akijua kwamba ataikosa leseni atanyamaza nayo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika Kiambatisho chake cha 13, linasema wazi kwamba lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama. CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa anga, una makao yake hapo Entebbe, mwendo mfupi kutoka Kampala. Naiomba, pamoja na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, imlinde kila rubani atakayekuja kusema kwa hiari yake: jana, kwa muda mfupi, hakuna aliyekuwa akiitazama ndege.