Kina cha Kichwa cha Risasi

Wapo nchini Marekani walenga shabaha wengi wajitengenezeao risasi nyumbani. Ganda lililokwisha kupigwa hutiwa fataki mpya, baruti hupimwa kwa mizani, kisha kichwa cha risasi hushindiliwa mdomoni mwa ganda. Asiyeijua kazi hiyo hudhani siri yake ni wingi wa baruti. Sivyo. Siri ni usawa: vichwa viwe vya uzito mmoja, na vyote vizame kwa kina kimoja.

Ndani ya mtutu mna mifuo ya kuizungusha risasi. Kichwa kikiigusa mifuo hiyo kabla ya kufyatuliwa, mgandamizo wa gesi hupanda, kwani hakikupata nafasi ya kuanza mwendo. Na kikizama mno katika ganda dogo, nafasi ya baruti hubanwa, na mgandamizo hupanda vile vile. Kampuni ya Speer ilijaribu kwa risasi za bastola za milimita 9: kichwa kilipozamishwa zaidi kwa robo tatu tu ya milimita, mgandamizo ulipita maradufu. Silaha yaweza kumpasukia mpigaji mkononi.

Huko Bisley, Uingereza, kwenye mashindano yaliyohamia hapo mwaka 1890, wagombeao tuzo ya Mfalme hugawiwa risasi za namna moja. Utaratibu huo twaupenda. Hushindana walengaji, si mafundi wa mezani.

Ajitengenezeaye, basi, na aandike juu ya kila kasha: bunduki ipi, baruti kiasi gani, kina gani. Wala asimwazime jirani, hata bunduki zao zikiwa za aina moja.