Meli ya usiku Mwanza–Bukoba: niliokoa elfu kumi na tano, nikapoteza laki na sitini



Leo naongea na wewe unayefuata mzigo mbali. Wewe unayetoka Tegeta, Bunju, Mbagala au Gongo la Mboto na kibegi mgongoni, unapanda basi Mbezi stendi ya Magufuli, unaenda Mwanza, halafu unavuka ziwa hadi Bukoba. Mada ni tiketi ya meli. Najua utasema, "tiketi nayo ni mada?" Tulia kwanza usome, mimi mwenyewe ilinigharimu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, msimu wa senene. Nina duka Tegeta, nauza vyakula vikavu, na wateja wangu Wahaya walikuwa wananisumbua kila siku: "Mdogo wangu, senene lini?" Nikasema poa, mwaka huu nafuata mwenyewe. Mtaji wangu ulikuwa laki nne, ndani yake laki mbili na nusu ni mkopo wa kikoba, marejesho kila Jumapili. Kwa hiyo kila shilingi nilikuwa naiona kama mboni ya jicho.

Basi lilikesha njiani. Nikafika Mwanza nimechoka, jioni ileile nikaenda bandarini. Dirishani nikauliza bei ya kila daraja. Kati ya kukaa na kulala tofauti ilikuwa kama elfu kumi na tano. Nikajiambia, "Mimi kijana, usiku mmoja tu, nitakaa." Nikachukua tiketi ya chini kabisa.

Usiku ule sikulala. Benchi gumu, taa inawaka, watu wanapita, mtoto analia, na mimi nimeshika kibegi changu cha hela kama nimeshika yai. Kila nikisinzia nashtuka. Asubuhi tumeshuka Bukoba, nimekaa siku mbili bila usingizi wa maana, nikaingia sokoni.

Hapo sasa. Kuna muuzaji akanionyesha viroba viwili vya senene waliokaangwa. Juu wakavu, wanang'aa, wamenyonyolewa vizuri mabawa na miguu. Siku nyingine ningeingiza mkono mpaka chini, ningenusa, ningetafuna wawili watatu wa katikati. Siku ile nilitaka tu nimalize nikalale. Laki tatu na ishirini nikatoa. Nimefika Tegeta, kiroba kimoja kimeanza kunuka. Chini walikuwa na unyevu, wamekaangwa nusunusu. Laki na sitini ikaenda jalalani, na Jumapili kikoba kinanisubiri.

Muuzaji yule ana kosa lake. Lakini na mimi nililipeleka jicho la usingizi sokoni. Niliokoa elfu kumi na tano, nikapoteza laki na sitini.

KWANZA, UJUE UNAUZIWA NINI

Meli kongwe ya njia hii ni MV Victoria. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Ikasimama miaka kadhaa kwa ubovu, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200. Safari ni ya usiku: unaondoka Mwanza, unapitia bandari ya Kemondo, unashuka Bukoba asubuhi.

Kwa sisi abiria mgawanyo wake ni huu:

• Daraja la kwanza: chumba cha watu wachache, kitanda, utulivu.
• Daraja la pili kulala: kitanda pia, ila chumba kina vitanda vingi zaidi, unalala na usiowajua.
• Daraja la pili kukaa: kiti chako, hakuna kitanda.
• Daraja la tatu: unakaa na umati, bei ya chini kabisa.

Kuna na meli mpya ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, nayo imejengwa kwa abiria 1,200, na ina madaraja mengi, VIP likiwemo. Madaraja yakiwa mengi, ni rahisi zaidi kuchanganyikiwa dirishani. Nauli na ratiba hubadilika, kwa hiyo bei sikutajii hapa. Ulizia bandarini siku husika.

SWALI LA KUJIULIZA KABLA YA KUTOA HELA

Swali si "tiketi ipi ni rahisi?" Swali ni hili: NIKISHUKA ASUBUHI NINA KAZI GANI?

Hili sikulijua mwenyewe. Nilifundishwa na mama mmoja anayepeleka mitumba Bukoba na kurudi na maharage na kahawa. Safari yangu ya pili tulipanga foleni pamoja. Nikamwamkia, tukapiga stori, nikamsimulia habari ya senene. Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Mwanangu, wewe ulikaa kwenda?"

"Ndiyo mama."

"Na kurudi je?"

"Kurudi nikalala. Nilikuwa nimechoka."

"Umegeuza! Mimi kwenda nalala, kurudi nakaa. Kwenda nina hela, naenda kuchagua. Kurudi hela imekuwa gunia, gunia liko kwenye stoo ya meli na risiti ninayo. Nichague nini tena?"

Yaani yule mama kwa maneno hayo machache alinipa somo ambalo darasani sikuwahi kulisikia. Kitanda kwenye meli ni sehemu ya gharama ya manunuzi, kama nauli ya bodaboda na bei ya gunia. Unakilipia siku ambayo akili yako inatakiwa ifanye kazi.

TUPIGE HESABU

Hizi ni namba za mfano tu, weka zako.

Tuseme kukaa ni 20,000 na kulala daraja la pili ni 35,000. Tofauti ni 15,000.

Ukikaa, asubuhi una njia mbili. Moja, utafute gesti ulale kidogo. Tuseme 15,000, tayari tofauti imeisha, na ukiamka saa sita mzigo mzuri wa asubuhi umeshachukuliwa na wengine. Mbili, uingie sokoni na usingizi wako kama nilivyofanya mimi. Hiyo bei yake huijui mpaka ufike nyumbani ufungue kiroba.

Ukilala, unashuka umeoga uso, unaingia sokoni mapema, unachagua, unabishana bei, na ukiwahi unaweza kugeuza na meli inayofuata. Gesti hujalipa kabisa. Kitanda cha meli kimekuwa nauli na gesti kwa pamoja.

Sasa daraja la kwanza. Tuseme ni 50,000, yaani 15,000 juu ya daraja la pili kulala. Hapo jiulize hiyo nyongeza inakupa nini ambacho asubuhi kitageuka hela. Usingizi wa daraja la pili unatosha. Daraja la kwanza lina maana kama una mtoto mdogo, unaumwa, una ujauzito, au mko wawili mnaoaminiana na mmebeba kitu ambacho hakitakiwi kuchanganyika na watu. Kama ni ili upige picha utupie status, bhana, hiyo ni starehe. Starehe si dhambi, ila usiiandike kwenye daftari la biashara.

Kwa mimi wa mtaji wa laki nne, jibu la kwenda ni daraja la pili kulala. Kurudi ni kukaa.

Isipokuwa kitu kimoja: kama ukirudi Mwanza asubuhi unapitia Mwaloni Kirumba kununua dagaa, basi na kurudi lala. Dagaa nao wanahitaji macho. Wenye mchanga na wasio na mchanga kwa mbali wanafanana.

UKISHACHAGUA DARAJA, CHAGUA NA CHUMBA

Wengi tunaishia kwenye daraja. Kumbe bei ni ileile, lakini vyumba havifanani. Ukiwahi dirishani unaweza kuomba.

1. Omba cha katikati ya meli. Umewahi kuona watoto kwenye pembea ya ubao? Wa mwishoni anarushwa juu na chini, wa katikati anatikisika kidogo tu. Meli ni hivyohivyo. Mbele na nyuma ndiko kunakorusha, na Ziwa Victoria likichafuka si la kutania.

2. Usikimbilie juu sana. Meli ikiyumba kushoto na kulia, aliye juu anayumba zaidi. Kama tumbo lako huwa linachafuka, chini kidogo ni bora.

3. Ila chini kuna injini. Ukisikia mtetemo na joto ukutani, ulizia kingine kama kipo. Kelele ya injini usiku kucha ni sawa na kulala mashineni.

4. Kaa mbali na ngazi, choo na baa. Milango inapigwa mpaka alfajiri. Choo kiwe karibu kiasi cha kutembea, si kiasi cha kunusa.

5. Kitanda cha chini kama una kibegi. Kiweke upande wa ukutani, wewe ulale upande wa nje. Hela yote usibebe mkononi. Weka kwenye simu, utoe kwa wakala ukishafika. Na fanya miamala yako kabla ya kuondoka, maana katikati ya ziwa mtandao unaweza kukata.

6. Usishtuke Kemondo. Meli ikisimama, mizigo inashushwa, watu wanapiga kelele, unadhani umefika. Kama unashuka Bukoba, geuka upande wa pili ulale.

Hata zile meli kubwa za watalii unazoziona zimetia nanga Dar au Unguja, zenye ghorofa kama jengo la Posta, kanuni ni hiyohiyo. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei ya chini, chenye kibaraza cha kutazama bahari ndicho ghali, na wazoefu wasiopenda kutapika wanatafuta cha katikati na cha chini. Wao wanalipia kutazama maji. Wewe unalipia usingizi, dirisha la nini saa nane za usiku?

NA BOTI YA ZANZIBAR JE?

Najua wengi wetu huku tunafuata friji na televisheni za mtumba Unguja. Boti ya kasi toka Dar ni kama saa mbili tu, mchana kweupe. Hapo daraja la kawaida linatosha, ile hela ya viti vya juu ongezea kwenye mzigo. Saa mbili hazikuharibii macho. Kwa hiyo usikariri kwamba daraja la juu ni zuri au baya. Angalia safari ni saa ngapi, ni usiku au mchana, na ukishuka unaenda kufanya nini.

KITU KIMOJA AMBACHO HAKIPIGIWI HESABU

Nimeongelea hela sana. Sasa tuongee uhai.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ikiwa imejaza kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 800 walifariki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, nacho kikiwa kimezidisha watu. Zaidi ya 200 walifariki. Wengi walikuwa watu kama sisi, wanatoka gulioni, wanafuata mzigo.

Kwa hiyo tiketi nunua dirishani, kwa kitambulisho chako na jina lako halisi. Akija mtu nje ya geti anasema "dada, mimi nakuingiza kwa nusu bei," kataa. Anakuuzia safari ambayo jina lako halimo kwenye orodha ya abiria. Ukiona meli imejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi na njia zimezibwa, shuka. Senene wapo na mwakani.

Ukiingia chumbani, kabla hujavua viatu, fanya mambo mawili: angalia boya la kujiokolea liko wapi, na tembea mpaka mlango wa kutokea nje huku ukihesabu milango unayopita. Nasema uhesabu kwa sababu taa zikizimika macho hayakusaidii, mkono ukutani ndio unakusaidia. Ni dakika mbili tu, halafu lala.

NILIVYOMALIZA

Marejesho ya Jumapili ile nililipa kwa kuuza simu yangu. Ilinichukua miezi mitatu kurudi pale nilipokuwa. Msimu uliofuata nikarudi Bukoba. Kwenda nikalala daraja la pili, kitanda cha chini, chumba cha katikati. Asubuhi nikaingia sokoni, nikaingiza mkono kwenye kiroba mpaka kwapani. Kiroba cha kwanza nikakikataa. Cha pili nikakikataa. Cha tatu nikanunua, na mwenyewe akaniambia, "Wewe binti mgumu wewe."

Nikacheka tu. Sikuwa mgumu, nilikuwa nimelala.

Mtumie na mwenzako anayejiandaa kufuata mzigo. Safari njema, na mzigo mzuri.