Je, Wajua? Yaliyo Chini ya Ngozi ya Paja Lako

Je, wajua kwamba vile vishimo vinavyoonekana kwenye mapaja na makalio ya wanawake si ugonjwa? Kitaalamu huitwa selulaiti. Madaktari wa ngozi wanakadiria kuwa katika kila wanawake 100 waliokwisha kuvunja ungo, 80 hadi 90 wanavyo. Wanene wanavyo, wembamba wanavyo, na wanariadha wanavyo.

Wajua vinatoka wapi? Juu kabisa kuna tabaka jembamba la ngozi, lile linalopukutika kidogo kidogo kila siku bila wewe kuona. Chini yake liko tabaka nene lenye kolajeni, mishipa ya damu, tezi za jasho na mizizi ya vinyweleo. Chini ya hilo ndipo yalipo mafuta. Hayakumwagwa ovyo: yamegawanywa katika vifuko vidogo vya manjano, na kati ya kifuko na kifuko hupita nyuzi imara za kolajeni zinazoishikiza ngozi kwenye utando ulio chini. Aliyelalia godoro la sufi anaijua hali hiyo. Pale uzi ulipopenya pamebonyea, na kandokando yake sufi imetuna. Ndivyo paja la mwanamke lilivyoshonwa: mafuta yanasukuma juu, nyuzi zinavuta chini.

Ukitaka kuhakikisha, simama mbele ya kioo, taa ikiwa juu ya kichwa, kisha ubane ngozi ya paja kwa viganja viwili. Vishimo vinaweza kujitokeza hata kwa ambaye havionekani akisimama tu. Kubana huko hutumiwa na madaktari kupanga ngazi: kwanza vinavyotokea kwa kubana tu, kisha vinavyoonekana mtu akisimama, mwisho vile vinavyobaki hata akilala.

Kwa nini wanaume wengi hawana? Mwaka 1978, watafiti wawili wa Ujerumani, Nürnberger na Müller, walilinganisha vipande vya ngozi na mafuta vya wanawake na wanaume. Kwa wanawake walikuta nyuzi nyingi zimesimama wima, kwa hiyo vifuko vya mafuta vina njia ya kuchomoza juu. Kwa wanaume nyuzi zilipishana mshazari, vifuko vilikuwa vidogo zaidi, na ngozi yenyewe ilikuwa nene. Katika kichwa cha makala yao waliiita selulaiti ugonjwa wa kubuniwa. Picha za MRI zilizokuja baadaye zimeonyesha kuwa mpangilio wa nyuzi hautofautiani kwa urahisi hivyo, lakini mkono wa homoni hauna ubishi. Mwanamume mwenye upungufu wa testosteroni, au anayetibiwa saratani ya tezi dume kwa estrojeni, naye anaweza kupata vishimo hivyo hivyo.

Mchoraji Peter Paul Rubens alivichora waziwazi kwenye miili ya wanawake wa picha yake ya Neema Tatu, katika miaka ya 1630. Picha hiyo iko Madrid, kwenye makumbusho ya Prado, na ilichorwa kwa kusifu uzuri.

Wasiwasi mkubwa umekuja juzi tu. Madaktari wa Ufaransa walikuwa wakiiandika habari hii tangu miaka ya 1920, lakini wasomaji wengi wa Marekani waliisikia kwa mara ya kwanza katika jarida la Vogue la Aprili 1968. Baada ya hapo zikafuata krimu, mikanda na mashine, na kitu ambacho wanawake walikuwa nacho miaka yote kikapewa bei ya kukiondoa.

Sasa tuitazame seli ya mafuta yenyewe, maana hapa pana mambo. Ukiiweka chini ya hadubini utaona tone moja kubwa la mafuta limejaza seli nzima, na kiini kimesukumwa ukingoni hadi kikawa chembamba. Seli hiyo hutanuka mtu anapopokea chakula kingi kuliko anachotumia, na husinyaa anapopungua. Lakini je, idadi yake hubadilika? Kwa miaka mingi haikuwezekana kupima. Jibu lilipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia: mabomu ya nyuklia. Majaribio yaliyofanywa angani kabla ya mkataba wa 1963 yaliongeza kaboni-14 hewani duniani kote. Mimea ikaivuta, wanyama wakala mimea, nasi tukala vyote viwili, na kila seli iliyozaliwa ikahifadhi ndani ya DNA yake kiwango cha mwaka wake. Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walisoma tarehe hizo ndani ya mafuta ya watu. Mwaka 2008 walitangaza kwamba idadi ya seli za mafuta hujipanga utotoni na ujanani, kisha hubaki karibu pale pale. Kila mwaka takriban asilimia 10 hufa na nyingine huzaliwa kushika nafasi zao. Hata waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wakapungua sana, seli zao baada ya miaka miwili zilikuwa idadi ile ile, ila zimesinyaa.

Kwa hiyo anayekuuzia chai ya "kuua seli za mafuta" muulize anaziua vipi.

Na wale wanaojifunga nailoni kiunoni ili mafuta yatoke kwa jasho? Jasho ni maji na chumvi, na linatoka kwenye tezi zake lenyewe. Mafuta yanayounguzwa mwilini hutokea zaidi puani. Wanasayansi wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walionyesha mwaka 2014 kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa zote, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi tunayoipumua, na 1.6 hubaki kuwa maji.

Wajua pia kwamba mafuta ya mapaja na makalio yana heri yake? Watu wenye mafuta mengi huko kuliko tumboni huwa na hatari ndogo ya kisukari na ugonjwa wa moyo. Paja hupokea mafuta na kuyashika, hivyo hayarandirandi kwenye damu wala kujazana kwenye ini. Mafuta hayo hutoka kwa shida mwanamke anapojinyima chakula, lakini akinyonyesha, mafuta ya mapaja hufunguka kwa wepesi zaidi. Mwili ulikuwa umeweka akiba ya mtoto.

Mafuta pia huongea na ubongo. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua leptini, homoni inayotolewa na seli za mafuta kuuarifu ubongo kiasi cha akiba iliyopo.

Si kila sehemu ya mwili ina mafuta sawa: kope za macho karibu hazina kabisa. Kisigino kinayo, yamefungiwa kwenye vyumba vidogo vyenye kuta imara, na juu yake unatua kwa kila hatua.

Wauguzi wetu wanalijua tabaka hili la mafuta kuliko muuza krimu yeyote. Chanjo ya surua na rubella anayopewa mtoto wa miezi 9, na tena wa miezi 18, huingizwa hapa, chini ya ngozi na juu ya msuli. Insulini huingia hapa pia. Hapa ndugu zetu wenye kisukari nisikilizeni: ukidunga sehemu moja kila siku, mafuta ya pale hutuna na kufanya uvimbe laini, na insulini ikiingia humo hufyonzwa ovyo, leo nyingi, kesho kidogo. Badilisha mahali, na upapase kwa vidole kabla ya kudunga. Nchini Uganda kuna akina mama waliofundishwa kujidunga wenyewe sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwenye mafuta ya paja au tumbo. Dozi yake ni miligramu 104, wakati ile ya msuli ni 150.

Na ule utepe wa rangi tatu anaozungushiwa mtoto mkononi kliniki, wajua unapima nini? Msuli pamoja na mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Mama anayeona haya kwa mapaja yake ndiye huyo huyo anayefurahi mapaja ya mwanawe yakijaa mikunjo.

Mkorogo ni adui wa yote haya. Krimu nyingi za kujichubua huwa na steroidi, nazo hukondesha lile tabaka la kolajeni, ngozi ikawa nyepesi, ikachanika michirizi na kuchelewa kupona. Kwa ngozi iliyokonda, kilicho chini huonekana zaidi. Mwanamke anayepaka mkorogo mapajani ili apendeze anaivua ngozi kinga yake, na jambo hili linaniumiza kila ninapoona zile chupa zimepangwa sokoni mchana kweupe.

Tiba ya vishimo je? Kuna daktari anayeingiza sindano maalumu na kukata zile nyuzi, na vishimo kadhaa hupungua. Kunyonya mafuta kwa mashine hakuvitibu, na wakati mwingine huongeza mabonde. Dawa ya sindano ya kuyeyusha kolajeni, Qwo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2020. Mwishoni mwa 2022 kampuni yake ikatangaza kuiacha, kwa sababu ya michubuko mingi na madoa yaliyobaki kwenye ngozi. Krimu za kafeini hulainisha muonekano kidogo, kwa muda, ukiendelea kupaka. Mazoezi hujaza msuli na kuipa ngozi sura nzuri zaidi, nayo ni mema kwa kila sababu nyingine, lakini hayafumui nyuzi.

Nimalizie na jambo la kuokoa maisha, kwa sababu majina haya mawili hukaribiana na watu huyachanganya. Selulaiti haiumi, haina joto, haiambukizi. Selulitisi ni maambukizi ya bakteria katika matabaka haya haya, mara nyingi yakianzia kwenye jeraha dogo, mkwaruzo au ufa kati ya vidole vya miguu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, utaona tu pamekuwa peusi zaidi au pa zambarau, pamevimba na kung'aa. Weka mgongo wa kiganja chako hapo, kisha upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Pakiwa na moto na maumivu, na hasa ukiwa na homa au uvimbe unasambaa, usipake krimu na usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.