Umeme Unaozunguka Bila Kuchoka

Kaka yangu mkubwa anachonga vyuma katika atelie moja hapa Lubumbashi, kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Mwezi uliopita taa zilipepesa mara moja tu, hazikuzimika. Lakini kompyuta ilipoteza hesabu, kisu kikala chuma pasipotakiwa, na bei ya kipande ikakatwa kwenye mshahara wake. Akaniuliza: «Wewe unayesoma lugha, nieleze kwa Kiswahili. Umeme hauwezi kuwekwa akiba?»

Nilikwenda kuuliza wenzetu wanaosoma uhandisi. Haya ndiyo niliyoelewa.

Betri huweka akiba kwa njia ya kemia. Njia nyingine ni kuuacha umeme wenyewe uzunguke ndani ya koili. Katika waya wa kawaida, hata wa shaba yetu, umeme hukutana na ukinzani, hugeuka joto na kuisha mara moja. Lakini mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake hutoweka. Kitu cha namna hiyo mimi nakiita kipitishi kamili. Koili nyingi za aina hii hutengenezwa kwa niobi na titani. Niobi imo pia katika koltani ya Kivu.

Ukiingiza umeme katika koili hiyo na kuunganisha ncha zake, unazunguka bila kupungua, na nishati inakaa katika uga wa sumaku. Volteji ikianguka, swichi za kielektroniki hufungua njia na nishati hutoka kufumba na kufumbua. Mwaka 2003 mtambo kama huo uliwekwa Kameyama, Japani, kulinda kiwanda cha skrini za televisheni.

Ila akiba hiyo ni ya sekunde chache, na kupoza koili kunakula umeme usiku na mchana. Haiponyi giza la saa sita. Inaponya kule kupepesa.

Nilimwambia kaka kwamba atelie yao haihitaji mtambo huo. Betri ndogo ingetosha kuipa kompyuta muda wa kusimamisha mashine vizuri. Akafikiri kidogo, akasema: «Sasa nina neno la kumwambia patroni. Si mkono wangu uliokosea, ni volteji iliyoanguka.»