Jules Verne, Waziri wa Sayansi wa Napoleon III

Mwaka 1870 ulikuwa mbaya kwa Napoleon III. Tarehe 2 Septemba alisalimu amri kwa Waprusia huko Sedan, siku mbili baadaye Jamhuri ikatangazwa Paris, na Januari 1873 akafia uhamishoni Uingereza. Katika mchezo wa Castle Falkenstein mambo yamekwenda njia nyingine. Bwana huyo bado yuko kitini, Ufaransa inalindwa na mizinga mikubwa ajabu, na waziri wake wa sayansi ni mwandishi wa hadithi, Jules Verne.

Castle Falkenstein ni mchezo wa kuigiza wahusika uliotungwa na Mike Pondsmith, Mmarekani Mweusi aliyetunga pia Cyberpunk, na ulitoka mwaka 1994. Watu wachache huketi pamoja, kila mmoja na mhusika aliyembuni, na mmoja wao, anayeitwa Mwenyeji, huwasimulia yanayowakuta na kuwauliza watafanya nini. Ulaya ya humo ina mashine za mvuke, uchawi na majoka. Watu wa historia hupishana njiani na watu wa vitabuni: Bismarck yumo, na Sherlock Holmes yumo. Hata ngome iliyoupa mchezo jina lake ina asili ya kweli. Mfalme Ludwig II wa Bavaria alichorewa ramani zake mwaka 1883, akafariki 1886 kabla haijajengwa.

Dadu hazitumiki, waungwana wa karne ya 19 hucheza karata. Kila aina ina kazi yake: kopa ni mambo ya moyo, uru ni akili, pau ni nguvu za mwili, shupaza ni cheo na heshima mbele za watu. Tuseme mhusika wako anataka kurekebisha bomba la mvuke kabla halijapasuka. Hiyo ni kazi ya akili. Ukitupa kumi ya uru, unajiongezea pointi kumi. Ukitupa kumi ya pau, unapata moja tu. Mkononi una karata nne, kwa hiyo kila unapotaka kuitoa iliyo nzuri unajiuliza kama hutaihitaji zaidi baadaye.

Kumpa Verne wizara ni uamuzi wenye mantiki. Mwaka 1865 alitoa riwaya ambamo watu watatu wanarushwa kuelekea mwezini kwa mzinga uliochimbiwa ardhini Florida, na alijitahidi kupiga hesabu za mwendo na uzito badala ya kuegemea miujiza. Mmoja wa wasafiri hao, Michel Ardan, jina lake limetokana na kupangwa upya kwa herufi za Nadar, mpiga picha wa Paris na rafiki wa Verne, aliyekuwa na wazimu wa maputo. Mchezo umechukua mzinga ule wa riwayani, ukaufanya silaha ya taifa na kuupa jina la Verne.

Verne wa kweli hakupata kuwa waziri. Cheo chake cha kisiasa kilikuwa udiwani wa mji wa Amiens, alikochaguliwa mwaka 1888 na kutumikia kwa miaka kama 15. Alishughulikia mambo kama tamthilia na sarakasi, na jengo la sarakasi la mji lilipofunguliwa mwaka 1889, yeye ndiye aliyetoa hotuba. Jengo hilo bado lipo na linaitwa kwa jina lake. Kazi ile ilikuwa ndogo, lakini aliifanya kwa moyo, na hapo ndipo mtu anapomwona Verne aliyejali maisha ya watu kuliko yule wa mizinga.

Wasomaji wa pwani wana haki ya kumdai jambo. Riwaya iliyompa umaarufu, ya mwaka 1863, inaanzia Zanzibar: Dakta Fergusson na wenzake wanapanda puto, wanapita Kazeh, yaani Tabora, na kuvuka bara hadi Senegal. Verne hakuwahi kufika huku. Alitegemea taarifa za wasafiri kama Burton na Speke, na kutoka huko juu ya puto Waafrika wanaonekana kama kikwazo au kichekesho. Kuna tukio ambapo kundi la nyani linadhaniwa kuwa wenyeji waliokuja kushambulia, na wahusika wanalifanyia mzaha. Ni tusi, na uzuri wa hesabu zake hauliondoi.

Mchezo wa kuigiza unaruhusu kulijibu tusi hilo. Mwaka uleule wa 1870, Sayyid Barghash alirithi kiti cha Unguja. Alipenda mambo mapya: alinunua meli za mvuke, akawaletea watu wa mjini maji safi kwa mabomba, na mwaka 1875 alizuru London na Paris. Katika Ufaransa ya Falkenstein, mwenyeji wake angeweza kuwa Waziri Verne. Meza ya wachezaji Mombasa au Dar es Salaam inaweza kuanzia hapo: Sayyid amefika wizarani na wahandisi wake, amekwisha kuisoma ile riwaya ya puto, na kabla ya kuonyeshwa mzinga wowote anataka kuzungumza na mwandishi kuhusu wale nyani.